Hayo si mapenzi: Dhuluma za mashamba ya chai ziitwe ubaguzi

KUNA msemo uliozoeleka mno magazetini, redioni na katika hotuba za viongozi wetu hivi kwamba hatuusikii tena: "dhuluma za kimapenzi". Msichana akishikwashikwa na msimamizi wake kazini, tunaambiwa kadhulumiwa kimapenzi. Mama akinyimwa kibarua kwa sababu amekataa kulala na bosi, tunaarifiwa kwamba bosi alimtaka "mapenzi". Hoja yangu wiki hii ni kwamba msemo huu ni kosa la lugha, na kosa lenyewe si dogo. Linawaficha wanawake haki ambayo sheria ya Kenya imewapa tangu mwaka 2007.

Mfano nitautoa nyumbani. Mimi ni mzaliwa wa Soin, upande wa chini wa Kaunti ya Kericho, kule majani chai yanakoishia na miwa na joto kuanzia. Sisi wa Soin hatuna mashamba makubwa ya chai, ila tumekuwa na watoto wa kupeleka huko. Tangu kampuni za Brooke Bond na James Finlay zianze kupanda chai Kericho miaka ya 1920, safari ya kupanda mlima kutafuta kazi, iwe ni Kericho kwenyewe, Bureti au Konoin kule Bomet, imekuwa sehemu ya maisha. Ukiketi sokoni Kaitui na kusikia kwamba binti wa fulani "amepata kazi huko juu kwa chai", swali linalofuata ni moja: "Kupitia nani?" Hakuna anayeuliza amesomea nini, wala anaweza kuchuna kilo ngapi kwa siku. Kila mtu anajua kwamba mlangoni pa kazi amesimama mtu, na mtu huyo ana majina yake: nyapara, supavaisa, kontrakta, meneja.

Mnamo Februari 2023, shirika la habari la BBC lilipeperusha filamu ya upekuzi kuhusu mashamba ya chai ya Kericho yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na Unilever na James Finlay. Wanawake zaidi ya 70 waliwaambia wanahabari hao kwamba walidhulumiwa na wasimamizi wao. Walieleza jinsi kazi nyepesi, au kazi yenyewe, ilivyotolewa kwa masharti ya kitandani. Mmoja alisema aliambukizwa virusi vya Ukimwi na msimamizi wake. Mwanahabari wa kike aliyejifanya mtafuta kazi alibeba kamera ya siri, na kile alichoitiwa kama usaili kikageuka kushikwa na kushurutishwa. Baada ya filamu kuonyeshwa, wasimamizi waliotajwa walisimamishwa kazi, kampuni zikasema zimeshtuka, wabunge wakadai uchunguzi.

Kushtuka huko kulinishangaza kidogo. Mwaka 2011, shirika la utafiti la SOMO la Uholanzi lilikuwa limechapisha ripoti kuhusu mashamba ya chai ya Unilever, na malalamiko ya wanawake wa Kericho yalikuwa humo. Miaka 12 ni muda wa kutosha mtoto kuzaliwa na kumaliza darasa la sita. Katika muda huo wote hatukukosa habari. Tulichokosa ni jina linaloonyesha kwamba jambo hili ni suala la kazi na haki, wala si suala la tamaa za watu wawili.

Hebu tuanze na neno lenyewe. Mapenzi yanatokana na kitenzi penda. Humo ndimo tunamopata mpenzi, upendo, kupendana. Kiambishi ki- kinapotangulia nomino hujenga kielezi cha namna: anacheza kitoto, anavaa kizee, anamtazama kimapenzi. Kwa hiyo "kudhulumiwa kimapenzi" maana yake halisi ni kutendwa vibaya katika njia ya mapenzi. Msemo huo ungemfaa sana binti aliyeahidiwa ndoa, akangoja miaka mitano, kisha mchumba akaoa mwingine. Huyo kadhulumiwa kimapenzi! Lakini mchunaji majani chai anayeambiwa na meneja achague baina ya kibarua na mwili wake, mapenzi hapo yako wapi? Nani kampenda nani?

Najua msemo huu ulikotoka. Mfasiri hukutana na neno la Kiingereza lenye maana ya "-a kingono", akaona haya kuandika ngono katika gazeti litakalosomwa na mama mkwe, akakimbilia mapenzi. Wataalamu wa isimu tunaita hiyo tasfida. Mimi si adui wa tasfida. Kiswahili kimejaa tasfida nzuri za kusitiri maradhi, uzazi na mauti, na mtu aliyelelewa vyema huzijua. Ila tasfida huwa ya kumsitiri msikilizaji au mwathiriwa. Hii yetu inamsitiri mkosaji. Inamvika koti la mpenzi aliyezidiwa na hisia.

Neno la pili ni "kuomba". Tunaandika kwamba msimamizi "alimwomba ngono". Katika Kiswahili, anayeomba husimama chini na anayeombwa husimama juu. Maskini humwomba tajiri, mja humwomba Mola, mgeni huomba maji. Tena, ombi hukataliwa bila gharama kwa aliyeombwa. Nikikuomba sukari ukaninyima, wewe hupotezi kitu. Sasa mtu mwenye kalamu ya kuandika nani aingie kazini kesho na nani abaki langoni, akimwambia mwanamke "nipe, la sivyo usije", hajaomba chochote. Amedai, ameshurutisha, ametisha. Vitenzi tunavyo tele. Tunachagua kile kinachogeuza mamlaka kuwa unyenyekevu.

Neno la tatu linatoka kwa jirani zetu wa Tanzania: "rushwa ya ngono". Hili nalipongeza nusu. Linafanya jambo moja jema ambalo "mapenzi" haliwezi kulifanya: linamwonyesha mwenye cheo akitumia vibaya cheo alichokabidhiwa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, inamshtaki mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe kazi, cheo, haki au upendeleo. Lakini sitiari ya rushwa ina mtego wake. Rushwa ina mtoaji na mpokeaji, na kwa kawaida wote wawili wana hatia. Mwaka 2024 mswada wa marekebisho ya sheria hiyo ulipopendekeza kumwadhibu pia anayetoa, watetezi wa haki za wanawake walipiga kelele, na walikuwa na sababu. Hilo halikuzuka hewani. Lilikuwa tayari limelala ndani ya neno. Ukishaita jambo rushwa, si ajabu mtu kuuliza kesho yake: mbona tunamkamata mmoja tu? Hata huku kwetu utasikia mzee akisema kwa mkato, "Si unajua mkono mtupu haulambwi," kana kwamba mwili wa binti ni kitu kidogo cha kufungulia ofisi.

Basi jina sahihi ni lipi? Tuiulize sheria yetu wenyewe.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi au mtu anayetafuta kazi, au kumnyanyasa, kwa misingi iliyotajwa, na jinsia ni mmojawapo. Zingatia mambo mawili. Kwanza, kubagua na kunyanyasa vimewekwa katika sentensi moja, chini ya katazo moja. Pili, anayelindwa si aliyeajiriwa tu bali hata yule aliye langoni anatafuta. Binti wa Soin ambaye bado hajaandikwa kazi yumo ndani ya kifungu hicho.

Kifungu cha 6 kinaeleza unyanyasaji wa kingono kazini ni nini. Nitakifasiri kwa muhtasari na kwa Kiswahili cha kawaida, na tafsiri hii ni yangu, si ya serikali: Umenyanyaswa kingono ikiwa mwajiri wako, mwakilishi wake au mfanyakazi mwenzako amekutaka ngono, waziwazi au kwa mafumbo, huku akikuahidi upendeleo kazini au akikutishia kwamba utaumia au kazi yako imo hatarini, au ametumia maneno au picha za kingono, au amekufanyia kitendo cha kingono usichokikaribisha, kinachokuudhi na kuathiri ajira yako, utendaji wako au uradhi wako kazini.

Juu ya sheria hiyo kuna Katiba ya 2010. Ibara ya 27 inasema wanawake na wanaume wana haki ya kutendewa kwa usawa, na haiishii kwa serikali pekee: inamkataza mtu yeyote pia kumbagua mwenzake. Ibara ya 28 inalinda utu, na ya 41 inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa njia ya haki kazini.

Kwa nini sheria ikaita unyanyasaji ubaguzi? Wengi wanapata shida hapa. Kwao ubaguzi ni kumwambia mtu "wewe ni mwanamke, huwezi kuwa meneja" au kumlipa mshahara mdogo. Lakini fikiria wachunaji wawili, mwanamume na mwanamke, wamefika lango moja asubuhi moja. Wote wana mikono, wote wanaweza kuchuna. Mwanamume anatakiwa atoe jasho. Mwanamke anatakiwa atoe jasho, kisha atoe na mwili. Kazi ni ile ile, ujira ni ule ule, ila bei ya kuipata imepandishwa kwa mmoja, na imepandishwa kwa sababu ni mwanamke. Kubagua, katika asili yake, ni kutenga kimoja na kingine, kama unavyobagua mbegu nzuri na mbovu. Mwanamke huyo ametengwa. Hilo ndilo jina.

Wazo hili lina historia ya kusimulia, na inafaa Wakenya waijue kwa sababu ilianza kwa kupigania neno. Katika miaka ya 1970 huko Marekani, mwanamke aitwaye Carmita Wood aliacha kazi katika Chuo Kikuu cha Cornell kwa sababu ya kusumbuliwa kingono na mkubwa mmoja kazini. Alipoomba malipo ya wasio na kazi, akanyimwa. Sababu zake za kuacha kazi zilihesabiwa kuwa za kibinafsi. Mwaka 1975, wanawake waliokusanyika kumtetea, akiwemo Lin Farley, waligundua kwamba kila mmoja wao alikuwa na kisa kama hicho na hakuna aliyekuwa na jina la kukiita. Wakatunga jina la Kiingereza ambalo sisi tumelitafsiri kwa taabu hadi leo.

Jina lilipopatikana, mahakama bado zilikuwa na ukaidi. Paulette Barnes, mfanyakazi wa idara ya serikali jijini Washington, alisema kazi yake ilifutwa baada ya kukataa kulala na mkubwa wake. Mahakama ya kwanza iliona hayo ni maelewano mabaya baina ya watu wawili. Mwaka 1977 mahakama ya rufaa ikabatilisha hukumu hiyo: asingekuwa mwanamke, asingetakiwa kutoa alichotakiwa kutoa, kwa hiyo huo ni ubaguzi kwa misingi ya jinsia chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964. Msomi wa sheria Catharine MacKinnon akaijenga hoja hiyo kikamilifu katika kitabu alichokichapisha mwaka 1979. Kisha mwaka 1986, katika kesi ya Mechelle Vinson, karani wa benki, Mahakama ya Juu ya Marekani ikaikubali kwa kauli moja. Barnes na Vinson wote walikuwa wanawake weusi, wafanyakazi wa kawaida. Wazo hili halikutoka kwa mabibi wa ngazi za juu waliokuwa na muda wa kulumbana.

Katika kesi ya Vinson kuna jambo ambalo mwanalugha hawezi kulipita. Upande wa benki ulidai kwamba mwanamke huyo alikubali. Mahakama ikasema swali la msingi si kama alikubali, bali kama alikaribisha. Tafakari tofauti hiyo kwa Kiswahili. Kukubali kunaweza kutokana na njaa, hofu, karo ya mtoto au kodi ya nyumba. Kukaribisha ni kufungua mlango kwa hiari na kusema "karibu". Mchunaji anayeishi katika nyumba ya kampuni, ambaye akipoteza kazi anapoteza na paa, anaweza kukubali bila kukaribisha hata siku moja. Ndiyo maana katika tafsiri yangu ya kifungu cha 6 nimeandika "usichokikaribisha". Magazeti yetu yanapoandika kwamba wanawake fulani "walikubali kushiriki mapenzi ili wapate kazi", yanafunga kesi kabla haijafunguliwa.

Sasa nije kwenye faida ya vitendo, maana msomaji anaweza kuniambia: Profesa, jina halijazi tumbo. Hili linajaza. Ukiita kitendo hiki ubakaji au shambulio la kingono, nawe una haki ya kukiita hivyo pale kilipotokea, unakwenda mahakama ya jinai. Huko anashtakiwa mtu mmoja. Ushahidi lazima uondoe shaka yote ya maana. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, katika kifungu cha 23, inamwadhibu mwenye mamlaka anayemsumbua mtu kingono, lakini inataka awe amefanya hivyo kwa kurudiarudia. Mwanamke aliyefuatwa mara moja, akakataa, akafutwa kazi, atajikwaa hapo. Na hata meneja akifungwa, kampuni iliyompa kalamu na kumwachia lango haiguswi.

Ukiita kitendo hicho ubaguzi, mambo yanabadilika. Anayejibu ni mwajiri. Mahakama ni ile ya Ajira na Mahusiano ya Leba, na kipimo cha ushahidi ni kipi kina uzito zaidi. Juu ya hayo, kifungu cha 5 kinasema kwamba kesi ya ubaguzi ikiletwa, ni mwajiri anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba ubaguzi huo haukutendeka. Mzigo umetoka kichwani mwa mwanamke ukaenda kwa aliye na mafaili, orodha za wafanyakazi na mawakili. Kwa mchunaji asiye na shahidi ila migomba na majani chai, hiyo ni tofauti kati ya kuwa na kesi na kutokuwa na kesi. Lakini ni nani atakayedai haki chini ya kifungu cha ubaguzi ikiwa maisha yake yote ameambiwa kwamba kilichompata ni mapenzi?

Kuna na suala la kontrakta. Mmoja wa wanaume walioonyeshwa katika filamu ya BBC hakuwa meneja wa kampuni bali mwanakandarasi aliyeiletea wafanyakazi. Hii ndiyo sura mpya ya kazi za chai: kibarua wa leo, kandarasi ya miezi mitatu, mtu wa kati. Mashine za kuchuna nazo zimepunguza nafasi, hadi wakazi wenye hasira wakaziteketeza kadhaa Kericho mwezi Mei 2023. Nafasi zikipungua, mtu wa langoni hunenepa. Kampuni ikisema "huyo si mtu wetu", lugha ya mapenzi inaipa nafasi ya kuponyoka, maana mapenzi ya kontrakta yanaihusu nini kampuni? Lugha ya ubaguzi inauliza swali jingine: nani alimweka pale awe mwakilishi wa mwajiri mbele ya watafuta kazi?

Wapo watakaonipinga, na hoja zao nazijua. Wa kwanza watasema kwamba kuuita ubakaji ubaguzi ni kuupunguza uzito. Sikubali. Kitendo kimoja kinaweza kuwa na majina mawili ya kisheria. Anayechoma duka la jirani kwa chuki ya kikabila amechoma mali na amebagua. Jina la pili halifuti la kwanza. Mshitaki wa jinai ashike lake na mahakama ya leba ishike lake.

Wa pili watauliza: wanaume je? Wapo wanaume wanaosumbuliwa, na wengine husumbuliwa na wanaume wenzao. Kifungu cha 6 hakikutaja mwanamke wala mwanamume. Kinamlinda mfanyakazi. Huko Marekani nako Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1998 kwamba mnyanyasaji na mnyanyaswaji wanaweza kuwa wa jinsia moja.

Wa tatu, hawa ndio wengi, watasema sheria hizi zitaua uchumba. Kilio hicho si kipya. Mwaka 2006, Njoki Ndung'u, wakati huo mbunge maalum, alipowasilisha Mswada wa Makosa ya Kingono, baadhi ya wabunge wa kiume walilalama kwamba wanaume watashindwa hata kutongoza. Angalia jinsi neno "mapenzi" linavyoendelea kufanya kazi yake chafu. Mbunge huyo hakuwa akisema juu ya kutongoza. Waliochanganya kutongoza na kutisha ni wale ambao katika msamiati wao vyote viwili ni "kumtaka mwanamke". Lila na fila havitangamani. Kijana anayemwandikia binti barua, akaambiwa la, akaenda zake, hana haja ya kuogopa sheria yoyote.

Hatuna budi, basi, kusafisha istilahi zetu, na hapa naingia katika shamba langu. Napendekeza tutofautishe tendo na kosa. Tendo liitwe unyanyasaji wa kingono. Neno ngono si tusi. Limo katika kamusi, na linasema kinachohusika bila kukipamba. Kosa la kisheria ambalo tendo hilo linazaa kazini liitwe ubaguzi wa kijinsia. Kuna wenzangu, hasa upande wa Tanzania, wanaopendelea kutenga jinsi, yaani maumbile ya kike au ya kiume, na jinsia, yaani nafasi ambayo jamii humpa mtu kwa sababu ya maumbile hayo. Utengano huo ni mzuri darasani. Ila katika Kiswahili cha Kenya jinsia imebeba maana zote mbili, na mchunaji wa Konoin anapoambiwa "umebaguliwa kwa sababu ya jinsia yako" anaelewa papo hapo. Tusimcheleweshe kwa ajili ya irabu moja.

Tahadhari ni kwa "unyanyasaji wa kijinsia", msemo unaotumiwa sana na mashirika. Si kosa, lakini ni mpana. Unaingiza kumnyima mke pesa za matumizi na kumtusi kwa kuzaa wasichana watupu. Wakili anayetaka kutaja kilichotendeka nyuma ya ghala la majani atahitaji neno lililo karibu zaidi na tendo.

Haya yote yana mahali pa kuanzia, na sheria imekwisha kupaonyesha. Kifungu cha 6 kinamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, baada ya kushauriana nao au wawakilishi wao, atoe tamko la sera kuhusu unyanyasaji wa kingono: maana yake, hatua atakazochukua, jinsi ya kulalamika, na ahadi ya kutofichua jina la mlalamishi. Tena lazima alifikishe kwa kila aliye chini yake. Swali langu ni la mwalimu wa lugha: linafikishwa kwa lugha gani? Kifungu cha 9 cha sheria iyo hiyo kinasema mfanyakazi asiyeelewa lugha ya mkataba aelezwe kwa lugha anayoielewa. Kambi za chai zimekusanya Wakipsigis, Wakisii, Wajaluo, Waluhya na wengine, na kinachowaunganisha jioni wakichota maji ni Kiswahili. Tamko la Kiingereza lililobandikwa ofisini kwa meneja, mtu yule yule anayelalamikiwa, halijafikishwa popote.

Mashamba yenyewe yamebadilisha majina langoni. Unilever iliuza biashara yake ya chai mwaka 2022, na mashamba ya Finlay pamoja na yale yaliyokuwa ya Unilever yameingia mikononi mwa Browns ya Sri Lanka. Wenye mali wapya wana nafasi ya kuandika tamko hilo upya kwa Kiswahili kinachoeleweka, na chama cha wafanyakazi wa mashambani kina wajibu wa kulidai. Vyuo vikuu navyo visijione vitakatifu. Mhadhiri anayeshikilia alama za mwanafunzi hadi "waelewane" hana tofauti na nyapara anayeshikilia orodha ya vibarua, na huko nako tumezoea kuita jambo hilo "uhusiano".

Kwa wahariri wa gazeti hili na mengine ombi langu ni dogo, na naliita ombi kwa sababu nyinyi ndio wenye kalamu na mnaweza kunikatalia bila hasara. Siku habari nyingine kama ile ya Februari 2023 itakapofika mezani, futeni "kimapenzi". Andikeni alichofanya mtu huyo, andikeni alikuwa na mamlaka gani, kisha andikeni kwamba sheria inaita hilo ubaguzi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haki ya mwanamke huyu inaanza kwa kuambiwa, katika lugha anayoijua, kwamba anayo.